Ubani Ndani ya Karavani

Maradhi hayana adabu. Ukiyafunika shuka, yatakohoa humo humo chini ya shuka, na majirani watasikia. Waliosema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua hawakumsema mgonjwa wa kitandani peke yake. Walimsema pia Harub wa Ibra, kule Omani, ingawa maradhi yake yeye yalikuwa kwenye mbao.

Harub alinunua karavani kuukuu, kile chumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, kwa mtu mmoja wa Sur. Mkewe Aliya aliikagua, akakunja uso.

"Hii imeingiwa na maji, Harub. Inanuka."

"Vumbi tu hilo! Nitaitengeneza kwa mikono yangu."

Kwa kweli uwezo wa kumlipa fundi hakuwa nao. Naye alikwisha kumwahidi mamake, Bi Ghanima, ambaye tangu afiwe na mumewe hajalala nje ya nyumba yake, kwamba msimu huu wa baridi watampeleka mchangani, kwenye jangwa la Badiya. Bibi wa watu alishaanza kukaanga visheti vya safari.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka alipoondoa godoro. Sakafu mbele ya kitanda ilikuwa nyeusi, na alipoibonyeza, kidole kilizama kama kwenye mkate uliochovywa chai. Dawa yake ilikuwa kuing'oa sakafu yote, na baridi ingekwisha kabla ya kazi. Tena Aliya angesema, "Sikukwambia?" Neno hilo Harub hakuwa na kifua cha kulipokea. Basi akatandika zulia jipya la plastiki, akapaka kuta rangi, na ili kuua uvundo akawa anafukiza ubani asubuhi na jioni.

"Mbona moshi kila siku?" Aliya aliuliza.

"Nafukuza hasadi. Watu wana macho, ati!"

Tangu hapo raha ilimtoka. Kila aliyeingia kutazama, yeye alimtazama miguu. Shemeji yake Khalaf, mwenye gari la kuivuta, aliposogea karibu na kitanda, Harub alimkamata mkono akamtoa nje, eti kahawa inapoa.

Siku ya safari ikafika. Bi Ghanima alipanda akitabasamu.

"Mashallah, mwanangu! Lakini ubani wote huu, kama penye maiti?"

Alicheka peke yake, kisha akaelekea kitandani. Harub alitaka kupiga kelele, "Mama, si hapo!" Lakini Aliya alikuwa amesimama mlangoni, na ulimi ukawa mzito. Sakafu ikakatika. Mguu wa bibi ukazama mpaka gotini, na wote wakasikia mfupa ukivunjika.

Khalaf alimnyanyua. Aliya akafunua zulia, akaokota kipande cha ubao, kikamumunyuka mkononi.

"Ulijua?"

"Nilijua," alisema Harub, akaangua kilio.

Bi Ghanima, jasho likimtoka kwa maumivu, alimshika mwanawe shavu. "Ungeniambia ni mbovu, ningengoja mwaka mwingine. Mimi nilitaka kukaa nanyi tu, hata hapa uani."

Safari ya mchangani ikaishia hospitali, na mtaa mzima ukajua kilichokuwa chini ya zulia. Kweli mficha maradhi kifo humuumbua: Harub hakufa, lakini siku ile kufa angekuona nafuu.