Ghala la Buku na Mkaguzi Asiyekula

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitikia kama mlionyimwa ugali. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walikuwa na ghala la pamoja. Kila mmoja alipeleka mtama wake, na mtunzaji alikuwa Panya Buku, bwana mwenye kitambi kilichomtangulia mlangoni. Mama Kanga alipeleka mavuno yake yote. Mwaka huo mvua ikagoma, vifaranga wake wakaanza kulia njaa.

"Buku, mtama wetu upo?"

"Upo tele, dada! Leteni mkaguzi. Atakuwa mgeni wangu."

Akaja Nguruwe. Kwa desturi ya bonde lile, mgeni hasemi neno kabla hajala. Akala, akalamba sinia, akachungulia ghala juu juu, akatoka akibeua. "Limejaa pomoni!"

Lakini mtama haukutoka. Akaitwa Kima. Naye akala, akalala, akaamka. "Limejaa pomoni!" Hata mlango hakuufungua, mshenzi yule!

"Hawa wamekagua sufuria!" Kanga akalia. "Wanangu wanakufa, jamani!" Akaenda mwenyewe kumwita Nungunungu, ambaye hakuwa na rafiki kwa sababu hakumbatiki.

"Karibu chakula, bwana," Buku akasema.

"Nimekula kwangu."

"Basi hata uji?"

"Nimekunywa kwangu."

"Huna adabu!"

"Adabu nimeiacha nyumbani, inalinda watoto. Fungua."

Nungunungu akang'oa mwiba wake, akachoma ghala kama wachuuzi wachomavyo gunia kujua kilichomo. Juu, mtama. Akachoma katikati, zikamwagika pumba. Akachoma chini kabisa.

"Uwii!" ghala likapiga yowe.

Akachomoka mtoto wa Buku, mnene huyo, kashika makalio! Nyuma yake ndugu zake, wamevimbiwa hata kukimbia hawawezi.

Wanyama wakafukua shimo alilochimba Buku chini ya ghala, wakaukuta mtama. Siku hiyohiyo vifaranga wakala wakashiba, na Kanga akalia tena, safari hii kwa furaha. Buku alikwishatoka mbio. Ndiyo maana hadi leo panya akisikia hatua ghalani, hukimbia kabla hajaulizwa.

Basi jueni: mkaguzi akila kwa anayemkagua, ataona sinia tu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, ila msiniulize leo nimekula kwa nani.