Zimwi Lililokuwa Limeshiba

Paukwa!

Pakawa!

Mlima?

Umesimama.

Mto?

Unapita.

Na sisi?

Tumekaa katikati, tunasikiliza.

Basi sikilizeni taratibu, maana hadithi hii haipendi haraka.

Hapo kale, katika nchi ya mlima mrefu, palikuwa na mwanamke jina lake Anasia. Mlima huo ulikuwa na kichwa cheupe kilichoonekana asubuhi kabla mawingu hayajaamka. Ubavuni mwake ulishuka mto, na mto huo ulikuwa na sauti kubwa hata watu wa kule walizoea kusemezana kwa kupaza.

Kazi ya Anasia ilikuwa kupandisha wageni. Watu wa nchi tambarare walikuja kutoka mbali, nao walitaka kupanda, kuvuka, kuoga, na kuona maji yakianguka kutoka juu. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Ndekirwa. Mwaka mmoja, wakati wa masika, Ndekirwa alipanda peke yake kutazama njia kama ni salama. Hakurudi. Waliomtafuta walikuta fimbo yake ukingoni mwa mto, basi.

Watu wakasema, "Zimwi limemmeza."

Sasa mnajua habari ya mazimwi. Zimwi halitafuni, linameza. Aliyemezwa hukaa tumboni mzima, akingoja mtu aje akate kidole cha mwisho cha mguu wa zimwi. Kidole kikikatwa, zimwi hufa, na wote waliomo hutoka.

Anasia aliijua habari hiyo, na ndiyo sababu hakulia. Mama mkwe wake alilia, majirani walilia, yeye hakulia.

"Mtu haliliwi akiwa hai," alisema.

Akanoa kisu, akakifunga kiunoni chini ya kanga, akaishika kazi ya mumewe. Kila alipopandisha wageni, wao walitazama juu kwenye theluji. Anasia alitazama chini, akitafuta kidole.

Siku moja wakaja wageni watatu. Mmoja alikuwa Masele, mwanamume mnene mwenye maneno mengi. Wa pili alikuwa mkewe, Nyamizi. Wa tatu alikuwa Holo, dada yake Masele, msichana wa kucheka.

"Mama," Masele akasema, "sisi kwetu hata kichuguu tunakiita mlima. Utuonyeshe leo mpaka tuchoke."

"Wewe umechoka tangu jana," Nyamizi akamwambia.

Basi wakaondoka. Wakapita migombani, wakafika kwenye ua wa sale, ile mimea yenye majani marefu ya kijani. Holo akachuma jani moja, akalichomeka kwenye nywele.

"Mwanangu, hilo si pambo," Anasia akamwambia. "Kwetu jani la sale ni la kuombea msamaha. Mtu akikukosea, kisha akaja nalo mkononi, huwezi kumrudisha. Hata kama amekuulia ndugu, mkono wako unashuka."

"Basi naondoka nalo," Holo akasema, "maana wifi yangu huyu nimemkosea tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi tu?" Nyamizi akauliza.

Wakacheka, wakapanda.

Wakafika kwenye chemchemi. Maji yalitoka chini ya mzizi wa mti mkubwa, meupe, baridi, yakipanda na kushuka kama kifua cha mtoto aliyelala. Wageni wakapiga magoti, wakanywa kwa viganja. Anasia akasimama pembeni, akaimba kwa sauti ya chini:

*Mwenye mlima, mwenye mto,*
*uliyenichukulia wangu,*
*nirudishie wangu.*

Hakuna aliyejibu.

Masele akafuta mdomo. "Hiki tumekiona. Kipo kikubwa kuliko hiki?"

"Kipo. Twendeni."

Wakafika penye kivuko. Gogo moja lilikuwa limelala kutoka ng'ambo hii hadi ile, limeota majani laini ya kijani, na chini yake maji yalipita meusi yakikimbia. Holo akavuka akicheza. Nyamizi akavuka akisali. Masele akavuka kwa makalio, polepole, macho ameyafumba, na mkewe akamngoja ng'ambo akisema, "Njoo baba, njoo, simba wangu." Anasia akavuka mwisho. Katikati ya gogo akaimba:

*Mwenye mlima, mwenye mto,*
*uliyenichukulia wangu,*
*nirudishie wangu.*

Gogo likatikisika kidogo. Lakini hakuna aliyejibu.

Masele alipoona amefika salama, akakung'uta nguo. "Hiki tumekiona. Kipo kikubwa kuliko hiki?"

"Kipo. Twendeni."

Wakashuka kwa kufuata mto, wakafika chini ya maporomoko.

Hapo hata Masele alinyamaza. Maji yalishuka kutoka juu sana, mahali ambapo shingo haifiki kutazama, nayo yalishuka meupe, mazito, bila kuchoka. Ardhi ilitetemeka chini ya nyayo. Moshi wa maji ukapanda, jua likaupiga, upinde wa mvua ukasimama mbele yao, karibu hata Holo akanyoosha mkono kuushika. Nyuma ya maji palikuwa na pango, na kutoka pangoni ulitoka mwamba mmoja mrefu, mwekundu, laini, unaoteremka mpaka kwenye bwawa. Juu ya pango palikuwa na mwinuko wenye ukungu, na mabwawa mawili madogo, na miti iliyoning'iniza majani membamba kama ndevu.

Nyamizi akasema polepole, "Mungu wangu. Na hapa pote palikuwapo, nasi tulikuwa tunachunga mbuzi tu."

Kisha Holo akavua kanga ya juu, akakaa kwenye ule mwamba, akaserereka mpaka bwawani. Akaibuka akipiga kelele za furaha. Nyamizi akamfuata, na Masele akamfuata Nyamizi.

"Baridi!" Masele akalia. "Nakufa! Nakufa! Turudie tena!"

Wakaserereka mara ya pili. Anasia alikaa ukingoni, akaimba:

*Mwenye mlima, mwenye mto,*
*uliyenichukulia wangu,*
*nirudishie wangu.*

Wageni wakapanda tena. Wakaserereka mara ya tatu, wote watatu pamoja, wameshikana viuno. Na walipokuwa katikati, ule mwamba ukajikunja.

Haukuwa mwamba. Ulikuwa ulimi.

Pango likajifumba. Maji ya maporomoko yakakatika kama uzi. Mto ukasimama. Anasia hakuwahi maishani mwake kusikia kimya namna ile. Alisikia damu yake mwenyewe masikioni.

Akatazama, na sasa akaona. Ule mwinuko wenye ukungu lilikuwa paji la uso. Yale mabwawa mawili ya juu yalikuwa macho, nayo yalikuwa yanamtazama. Zile ndevu za miti zilikuwa ndevu kweli. Na hapa, karibu na mguu wake, kile kitu alichokalia miaka yote akipumzika, akidhani ni mzizi, kilikuwa na ukucha.

Anasia akachomoa kisu, akakiweka juu ya kidole.

"Mama Anasia!" Sauti ya Masele ikatoka ndani, kama mtu aliye ndani ya mtungi. "Tuko hai! Humu kuna joto, hata baridi imeniisha!"

"Kuna watu humo?" Anasia akauliza.

"Watu tele! Wachungaji wapo, na ng'ombe wao. Na yupo mzee mwenye mbuzi."

"Yupo mwanamume mrefu, mwenye kovu juu ya jicho?"

Wakanong'onezana. "Hayupo, mama."

"Tazameni vizuri. Hutembea ameinamisha kichwa kidogo."

Wakatazama tena. "Hayupo, mama."

"Mwiteni kwa jina. Mwiteni Ndekirwa."

Akawasikia wakiita. Sauti ya Holo ikaita, ya Nyamizi ikaita, na sauti nyingine ngeni nyingi zikaita. Kisha Masele akasema, bila mzaha wowote, "Mama, tumeuliza wote mmoja mmoja. Hayupo."

"Umemfanya nini?" Anasia akaliuliza zimwi. "Sema, nisikie, kisha nikate."

Zimwi likasema. Sauti yake haikutoka kinywani, ilitoka chini ya ardhi, ikapanda miguuni mwa Anasia.

"Sikummeza, mke wa Ndekirwa."

"Muongo!"

"Sikummeza. Siku ile nilikuwa nimeshiba. Nilikuwa nimemeza ng'ombe hawa na wachungaji wao. Mto ulikuwa umejaa. Mume wako akateleza kutoka kwenye gogo, akaja na maji, akapita hapa mbele ya kinywa changu. Alikuwa ameinua mkono. Nilipaswa kufungua kinywa tu. Nikasema moyoni, nimeshiba. Nikamtazama akipita."

Kisu cha Anasia kilibaki juu ya kidole.

"Kama ningemmeza," zimwi likasema, "leo ungempata. Hao wengine wote nimewatenda kwa njaa, na njaa ni umbile langu, Mungu aliyeniumba anajua. Lakini mume wako nilimtenda nikiwa nimeshiba. Jambo hilo halijanishuka. Nilitaka kuja kwako, ila nikishuka kijijini watu watakimbia, na sale haioti huku juu. Leo jani limekuja lenyewe kwenye nywele za msichana. Nilipolionja, nikafumba kinywa lisije likachukuliwa na maji."

Ndipo Anasia akaona. Kati ya meno mawili, makubwa kama milango, lilichomoza jani moja la kijani.

"Sale ni ya watu," Anasia akasema. "Wewe si mtu."

"Kweli, si mtu," zimwi likajibu. "Lakini nimekosa kama mtu."

Basi Anasia akabaki pale na kisu chake. Kukata angeweza. Kidole kilikuwa chini ya mkono wake, na wote wangetoka wazima, na zimwi lingekufa, na hakuna mtu mlimani ambaye angemlaumu. Zimwi halikuvuta mguu. Lilimtazama tu kwa yale macho mawili ya maji, likangoja.

Akainua uso kuelekea kichwa cheupe cha mlima. "Ee Mungu," akasema, "nimebeba kisu hiki muda mrefu. Nilidhani nakibebea mtu aliye hai."

Mlima haukujibu. Ulikuwa mkubwa, nao ulikuwa mtulivu, na Anasia akaona jinsi alivyo mdogo, na jinsi alivyochoka.

Mkono wake ukashuka.

Akaenda mpaka kwenye yale meno. Akalipokea jani la sale kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kitu kwa mkubwa.

"Nimelipokea," akasema. "Sikulipokea kwa kuwa moyo haunichomi. Unanichoma. Lakini wewe nawe sikiliza. Aliyepokelewa hupewa kazi. Kuanzia leo usimeze mtu. Lala hapa, kinywa wazi, ukiwa na njaa au ukiwa umeshiba. Mtu akichukuliwa na mto huu, mdake kwa ulimi wako, umrudishe ukingoni."

"Nitalala hapa," zimwi likasema.

"Hata ukishiba?"

"Hata nikishiba."

Zimwi likafungua kinywa. Wakatoka. Akatoka Masele, nywele zimesimama. Akatoka Nyamizi, akatoka Holo. Wakatoka wachungaji wakipiga mbinja, na ng'ombe wao wanono. Akatoka mzee na mbuzi, akakinga jua kwa mkono, akauliza, "Masika yamekwisha?"

Anasia alikuwa ameambiwa mara tatu. Hata hivyo alitazama kila uso. Alitazama mpaka akatoka mbuzi wa mwisho, na nyuma ya mbuzi hapakuwa na mtu.

Ndipo akakaa chini kwenye jiwe lenye maji, akalia. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia kwenye msiba, na kilio hicho kilikuwa kimengoja tangu masika yale.

Nyamizi akaja, akamfunika kanga yake, akakaa karibu naye. Holo akakaa upande wa pili. Masele akasimama mbele yao, hajui mikono aiweke wapi. Mwishowe naye akakaa chini.

"Mama," akasema, "sisi hatukumjua. Tusimulie habari zake."

Basi Anasia akasimulia. Alisimulia jinsi Ndekirwa alivyokuwa akila ndizi za moto bila kuzipuliza, na jinsi alivyompa kila ndege wa mlimani jina la mtu kijijini. Alisimulia jinsi alivyokuwa akiwabeba wageni wazee mgongoni mpaka hapa, ili nao waone. Wachungaji wakaacha ng'ombe wakinywa, wakaja kukaa. Mzee mwenye mbuzi akaja kukaa. Watu waliokuwa na haraka ya kurudi kwao hawakuwa na haraka tena.

Maji yakaanza kushuka upya kutoka juu, meupe, mazito. Yakapita juu ya ulimi wa zimwi lililolala kinywa wazi. Nao mto, ambao watu wa nchi ile walizoea kupaza sauti ili waushinde, siku hiyo ulipita polepole, kila mtu akasikia kila neno.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni, pamoja na waliokaa.

Na funzo lake ni hili, sina maneno mengi. Si meno peke yake yanayotenda ubaya. Anayemtazama mwenzake akizama, na uwezo wa kumdaka anao, naye amekosa. Lakini akija na jani mkononi, mpokee. Waliokwisha kupita, Mungu ndiye ajuaye walipo.