Bakteria Waliokula Damu

"Kabla hujamlaumu mlaji, tazama sahani." Mmeisikia methali hii hapa maabara asubuhi, nanyi mkaniuliza imetoka wapi. Ilianza hivi.

Katika hospitali moja ya milimani alikuwapo fundi wa maabara aitwaye Tusekile. Siku moja aliletewa usaha wa kidonda cha mchuma chai mmoja, mzee Asajile, aliyevimba mguu mpaka gotini. Daktari alitaka kujua ni bakteria gani ili achague dawa. Tusekile akawaotesha kwenye sahani ya maabara, yenye chakula cha bakteria kilichochanganywa na damu. Kesho yake akachota kidogo, akadondoshea peroksidi, ile dawa ya kuoshea vidonda. Povu likachemka. Akaandika kwamba ni wa jamii ya bakteria watoao povu, na dawa ikatolewa.

Siku ya nne mguu ulikuwa umezidi kuvimba. Daktari akaomba kipimo kirudiwe. Sahani za damu zilikuwa zimekwisha, hivyo Tusekile akawahamishia bakteria walewale kwenye sahani ya kawaida, isiyo na damu. Walipoota akadondosha peroksidi. Kimya. Akarudia mara tatu, kimya.

Mkuu wake, mzee Ambakisye, akamwambia amechanganya sampuli, ama amekwangua damu ya sahani pamoja na bakteria, maana hata damu yenyewe hutoa povu. Tusekile akawaosha wale wa sahani ya damu kwa maji ya chumvi, tena na tena. Bado wakatoa povu. Akasoma lebo zake upya, akaanza kuitilia shaka mikono yake mwenyewe. Mdudu mmoja angewezaje kuwa wawili? Na mguu wa mzee wa watu ulikuwa ukingoja jibu.

Akiwa amechoka kuwaza bakteria, akawaza chakula chao. Akachemsha damu mpaka ikawa kahawia, akaidondoshea peroksidi. Haikutoa povu, moto ulikuwa umeua nguvu yake. Akaichanganya kwenye chakula cha sahani ya kawaida, akapanda wale bakteria wa kimya.

Kesho yake akamwita mkuu wake, akadondosha peroksidi mbele yake. Povu likapanda.

"Ni walewale?" Ambakisye aliuliza.

"Ni walewale, mzee."

"Na damu uliipika ikafa. Sasa povu hili ni la nani?"

"Ni la bakteria. Kimeng'enya, ile protini inayoivunja peroksidi ikatoa povu, wanakitengeneza wenyewe, ila ndani yake kuna kipande chenye chuma, kile kiitwacho hemu, ambacho hawajui kukitengeneza. Hemu imo kwenye damu, na moto hauiharibu. Wakiikuta wanaichukua, wanakamilisha kimeng'enya. Wakiikosa, hawana povu."

"Kwa hiyo si wa jamii uliyoiandika."

"Sio, mzee. Jamii ile hujitengenezea hemu, hutoa povu hata bila damu. Povu lilinidanganya."

Ambakisye alikwenda mwenyewe kwa daktari. Dawa ikabadilishwa siku hiyohiyo, na baada ya wiki moja Asajile akaweza kukanyaga chini, ingawa kovu lilibaki baya.

Tusekile alikiri kwamba alikuwa amedhani bakteria wamembadilikia. Ambakisye akavua miwani, akaifuta.

"Wewe uliwalaumu bakteria kwa kubadilika," alisema, "na mimi nikakulaumu wewe. Wote wawili tulimtazama mlaji tu."

Tangu hapo, kila mwanafunzi aliyemjia Ambakisye akilalamika kwamba kipimo kimemgeuka, mzee alimwambia neno moja: kabla hujamlaumu mlaji, tazama sahani.