Ufunguo wa Kabati la Mtandao

Sogezeni viti, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hadithi hii imewahi kugombanisha watu waliokuwa wakila sahani moja.

Katika milima ya Taita palikuwa na chuo kidogo cha ufundi chenye majengo mawili: karakana chini bondeni, ofisi juu kilimani, na katikati ngazi za mawe mia mbili na kumi na mbili. Hapo wanawake watatu walikuwa wakijifunza kazi ya mitandao ya kompyuta. Darasa lao lilikuwa moja na mwalimu wao mmoja, lakini Mungu hakuwapa kipaji kimoja.

Mkawasi alipewa vidole. Kebo ya mtandao ina nyaya nane nyembamba ndani yake, kila moja na rangi yake, na mbili tu zikibadilishana nafasi, kebo nzima inafaa kuanikia nguo. Mkawasi alizipanga huku akipiga gumzo, na hakuna aliyewahi kumwona akirudia.

Mghoi alipewa njia. Alikuwa ameuza mboga kilima hadi kilima kwa miaka kumi na mmoja, na hapakuwa na kichochoro ambacho hakujua kinatokea wapi. Siku mwalimu alipoeleza kwamba ruta ni kifaa kinachopokea ujumbe wa mtandao mmoja na kuuonyesha njia ya kwenda mtandao mwingine, Mghoi alicheka sana. "Kumbe nimekuwa ruta siku zote," alisema, "ila mimi nilikuwa na kikapu kichwani."

Wakesho, ambaye ndiye tutakayefuatana naye, alipewa kumbukumbu na ubishi. Kumbukumbu ilimfaa kwenye swichi, kile kisanduku chenye matundu mengi kinachounganisha kompyuta za jengo moja. Ubishi ulimfaa kila mahali.

Sasa sikilizeni. Swichi ya karakana, pamoja na ruta yake, ilikaa ndani ya kabati la chuma lenye mlango wa kioo, na ufunguo wa kabati uliishi kwenye mshipi wa Fundi Mwabili, aliyekuwa na mkataba wa kutunza mtandao wa chuo. Pale chuoni kitu kikiharibika watu hawakuuliza nani anajua. Waliuliza nani ana ufunguo. Kwa miezi minane wanafunzi walisomea mbele ya kioo. "Tazameni taa," Mwabili alikuwa akiwaambia. "Kugusa ni kazi ya mafundi."

Wakesho alitazama kweli. Kila alipopata nafasi alichomoa kompyuta moja ukutani, akakimbia kwenye kioo kuona ni taa ipi imezimika, kisha akairudisha. Tundu la tatu, kompyuta ya dirishani. Tundu la tisa, ya mwalimu. Aliandika daftari zima namna hiyo, tundu na mkaaji wake, bila kugusa kabati hata mara moja.

Ikafika siku ya ukaguzi. Mkaguzi, Bi. Saru, aliingia saa nne asubuhi na jaribio moja tu: ukurasa uandikwe karakana, utoke kwenye printa ya ofisi kule juu. Ukitoka, darasa la mitandao litaendelea. Usipotoka kabla ya saa kumi jioni, darasa litafungwa na kompyuta zitapelekwa kwingine.

Hapakuwa na kilichotoka. Hata kompyuta zilizokaa meza moja hazikuonana.

"Ni hawa akina mama," Mwabili alisema. "Wamechezea vitu. Nilionya mapema, Madam, kazi hii si yao." Akautoa ufunguo kwenye mshipi na kuutupa mezani. "Haya, fungueni, si mlikuwa mnautamani? Nitarudi saa kumi kuwafungia."

Mkawasi alianza kukusanya vitu vyake. Mghoi alikwisha kuvaa mkoba. Wakesho alisimama mlangoni akawazibia njia. Alikuwa na hasira, na hakuificha.

"Mimi siendi," alisema. "Mtu amenionyesha taa miezi minane, leo ametuachia ufunguo kwa dharau. Dharau yake ni yake, ufunguo ni wetu mpaka saa kumi. Mkitaka kutoka, mtanipita mimi kwanza."

Wakarudi. Sasa shikeni vizuri alichofanya kila mmoja.

Wakesho alifungua kabati. Taa zote za swichi zilikuwa zikipepesa kwa pamoja na kwa kasi, kama zimepandwa na wazimu. Akafungua daftari lake. Tundu la kumi na saba halikuwa na mkaaji, wala la kumi na nane, lakini leo yote mawili yalikuwa na kebo. Akaifuata kwa kidole: kebo moja fupi, ncha zote mbili zimeingia swichi ileile. Ujumbe ulikuwa ukitoka tundu moja na kurudi kwa jingine, ukizunguka na kuzaana mpaka swichi ikakosa pumzi. Mama Righa, mfagiaji, alijisogeza na fagio lake.

"Ni mimi," alisema. "Asubuhi Fundi aliniachia kabati nipanguse kwa ajili ya mgeni. Ncha ilikuwa inaning'inia, mashimo yako wazi, na mashimo wazi huzaa mende. Nikaichomeka."

"Umefanya usafi, Mama," Wakesho alisema, akachomoa ncha moja. Taa zikatulia, na kompyuta za karakana zikaonana. Lakini printa ya juu ilibaki kimya.

Mkawasi akafuata kebo ya kupanda kilimani. Panya walikuwa wameitafuna pale inapoingia ukutani. Kebo ya akiba ya urefu ule haikuwepo, na vichwa vya plastiki vya kufungia ncha vilikuwa vimekwisha, isipokuwa kimoja. Kichwa kikishabanwa hakifunguki tena, ukikosea umekosea. Mkawasi alikata sehemu iliyoliwa, akamenya, akapanga: chungwa na nyeupe, chungwa, kijani na nyeupe, bluu, bluu na nyeupe, kijani, kahawia na nyeupe, kahawia. Safari hii hakupiga gumzo. Akabana kwa koleo mara moja, akaichomeka kabatini, na taa ya kebo ile ikawaka. Wakesho alitaka kumkumbatia, lakini saa ilikuwa tisa na robo na printa ilikuwa bado kimya.

Mghoi akapanda ngazi mia mbili na kumi na mbili, kisha akapiga simu kutoka juu. "Bisheni hodi." Wakesho akaiamuru kompyuta itume ujumbe mfupi unaodai jibu, mara moja, mara mbili. "Hodi zenu zinafika," Mghoi alisema, "taa huku inaitikia kila mkibisha. Shida ni kurudi. Ruta hii ameiweka Mwabili wiki iliyopita, na hakuiambia karakana iko wapi. Inapokea mgeni, halafu haijui nyumbani kwake." Nywila ilikuwa ya kiwandani, ile iliyobandikwa tumboni mwa ruta. Mghoi akaingia, akaandika mstari mmoja: mtandao wa chini hufikiwa kupitia ruta ya chini. Alikuwa na uhakika, maana hajawahi kumwelekeza mtu njia ya kwenda bila kumwambia ya kurudi.

Saa kumi kasorobo Wakesho aliandika neno moja na kulituma. Huko juu, mbele ya Bi. Saru na Fundi Mwabili, printa ilikohoa ikatoa karatasi. Ilisema: TUMEGUSA.

Mdharau mwiba mguu huota tende, na siku ile Mwabili alichechemea. Bi. Saru aliteremka ngazi zote, Mghoi akiwa nyuma yake, akauchukua ufunguo kabatini.

"Darasa linabaki," alisema. "Na mkataba wa mtandao nautoa kwa mmoja wenu. Ufunguo una mshikaji mmoja, ndiyo kanuni. Nani?"

"Sote watatu," Wakesho alisema. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Mkataba una nafasi ya jina moja. Nikiondoka bila jina, ufunguo unarudi kwa Fundi." Mwabili, aliyekuwa amewafuata, alinyoosha kiganja papo hapo.

"Basi ni wangu," Mkawasi alisema. "Nyinyi mngekosea mngejaribu tena. Mimi sikuwa na mara ya pili."

"Mmoja alifungua kabati, mmoja alifunga ncha," Mghoi alisema, "lakini karatasi ilitoka baada ya mkono wangu. Tena nilisahihisha kosa la huyu anayenyoosha kiganja."

Wakesho aliutaka ufunguo ule kuliko alivyowahi kutaka kitu, na alisema waziwazi. "Mngekuwa nyumbani saa hizi mnamenya viazi. Nani aliwazibia mlango?"

"Kuziba mlango si ufundi," Mkawasi alijibu.

"Na swichi aliituliza nani?" Wakesho aliuliza.

Dereva wa Bi. Saru akawasha gari. Mkaguzi alikuwa na ufunguo mkononi na kalamu juu ya mstari mtupu, viganja vinne vimenyooshwa mbele yake, na hakuna hata kimoja kilichokubali kushuka.

Na mimi nimeachia hapo. Kalamu sasa unayo wewe: utaandika jina la nani, na wale wawili uliowaacha utawatazama vipi usoni?