Kobe wa Kitambaa cha Harusi

Doa lipe miguu, litaondoka lenyewe.

Mmeyasikia maneno hayo leo asubuhi, Zuhura alipoimwagia picha yake chai akaanza kulia kama aliyefiwa. Mama yenu alimwambia hivyo huku anakoroga mboga, hata kugeuka hakugeuka. Sasa mmekuja wote na vidole vyenu vya rangi kuniuliza doa linapataje miguu. Haya, kaeni, na asiniguse mtu kanga yangu. Methali hii ilizaliwa katika nyumba moja ya mtaa wa Ng'ambo, kule Tabora, na walioizaa walikuwa watoto kama nyinyi, tena wachafu kuliko nyinyi.

Katika nyumba hiyo alikuwako msichana wa darasa la tatu aitwaye Mwamvua. Mama yao alikuwa na duka sokoni na alirudi jioni, kwa hiyo aliyemlea Mwamvua hasa ni dada yake mkubwa, Tausi. Tausi ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kufunga kamba za viatu, akampigania kwa watoto wa mtaa wa pili. Na wiki hiyo ninayowasimulia, Tausi alikuwa anaolewa.

Ukoo wao ulikuwa na desturi. Binti akiolewa, shangazi yake humdarizia kitambaa cheupe cha meza, na siku chache kabla ya harusi wanawake wa upande wa bwana harusi huja kukichukua. Hawakichukui kimya. Hukikunjua mbele ya watu, hukipitisha mkono kwa mkono, hukigeuza nyuma kutafuta mafundo, na lolote watakaloliona hulitungia wimbo papo hapo. Mshono ukiwa safi, bibi harusi huimbiwa sifa. Ukiwa na kasoro, wimbo humfuata mpaka kwa mumewe, na watoto wa mtaani humwimbia akienda kisimani. Alikuwako mama mmoja ambaye uzi wa kitambaa chake ulionekana umefanya mabonge. Amezaa, amepata wajukuu, na bado watu wanamwita Mama Mabonge.

Kitambaa cha Tausi kilidariziwa na Shangazi Nyamizi, mwanamke mwenye mkono mwepesi wa sindano na mwepesi zaidi wa kofi. Asubuhi ya siku ambayo wakwe walikuwa waje alasiri, kilikuwa kimelazwa kitandani, kimepigwa pasi, kimebaki kukunjwa tu. Pembe zote zilikuwa na maua ya uzi wa buluu. Katikati palikuwa peupe pe.

Shule zilikuwa zimefungwa na mvua ilikuwa inanyesha, na watoto waliofungiwa ndani mnawajua, maana ni nyinyi. Mwamvua na Sikitu, binti mdogo wa Shangazi ambaye shule bado hajaanza, walikuwa wameshachungulia kile kitambaa mara nyingi mno. Shangazi akaona atafute dawa. Akatandika mkeka barazani, akaleta kalenda za zamani zilizokwisha kazi, akazigeuza upande mweupe.

"Leo nyinyi ni mafundi," akasema. "Rangi tutazitoa jikoni. Lakini sikilizeni vizuri, rangi isivuke kizingiti. Ikivuka, mimi na nyinyi tutajuana."

Basi ikaanza raha ambayo Mwamvua hakuwahi kuiona. Shangazi alikoroga bizari katika uji mzito wa unga wa ngano, ikawa manjano ya kung'aa. Akakwangua masizi chini ya sufuria, akayatia mafuta kidogo, ikawa nyeusi. Akachemsha choya, yale maua makavu ya kutengenezea juisi, mpaka maji yakawa mekundu ya kuiva, akayamimina kwenye bakuli. Kisha akachukua bamia moja kubwa, akaikata kichwa, akaichovya kwenye manjano na kuigandamiza juu ya karatasi. Alipoinua mkono, pale chini palikuwa na ua kamili, lina petali na moyo wake.

"Bamia!" Mwamvua akapiga kelele. "Bamia ina ua ndani! Siku zote tunaila tu!"

Hakuna aliyeweza kumtuliza tena. Walikata bamia nyembamba kwa maua madogo na nene kwa makubwa. Walikata kiazi katikati wakakichonga samaki. Walikata bua la mgomba, na lile likatoa matundu matundu kama sega la nyuki. Sikitu aligandamiza kidole gumba chake kila mahali akasema hao ni kuku wake. Karatasi zilijaa wakazianika kwenye kamba barazani, nao wakazidi kuchapa, wanasukumana, wanacheka. Mwamvua alijisikia kifua kimemjaa furaha mpaka anataka kuruka.

Tatizo lilikuwa moja. Ile choya ilikuwa choya kweli, na Sikitu alikuwa anaijua kama kinywaji. Kila Mwamvua akigeuka, Sikitu ana mdomo kwenye bakuli.

Ndipo Mwamvua akachapa karatasi iliyowashinda zote, bustani nzima yenye samaki wanaopita juu ya maua. Shangazi alikuwa uani anachambua mchele. Mwamvua akaona lazima Dada Tausi aione sasa hivi, kabla haijakauka, kabla furaha yenyewe haijapoa. Akainyakua karatasi kwa mkono wa kulia. Na kwa kuwa alijua akiiacha choya Sikitu ataimaliza, akachukua bakuli kwa mkono wa kushoto. Neno la kizingiti halikumpitia kichwani kabisa. Akaingia ndani mbio, "Dada! Dada, njoo uone!" Nyayo zake zilikuwa na majimaji na sakafu ilikuwa ya saruji. Akateleza, na choya ikaruka kabla yake.

Tausi hakuwemo, alikuwa amekwenda kusukwa. Kilichokuwemo ni kitambaa, na katikati yake, pale peupe pe, sasa pana doa jekundu la ukubwa wa sahani.

Mwamvua alijiinua sakafuni. Sikitu aliyemfuata akauliza, "Wakwe wataimba nini?"

Hilo ndilo lililomuuma. Kofi la Shangazi alilijua, linauma na linapita. Lakini aliwaona watoto wa mtaani wakimwimbia Dada Tausi, Tausi yule yule aliyempigania. Akakimbilia sabuni. Akailowesha, akasugua kwa nguvu zake zote, na doa badala ya kufifia likaanza kugeuka. Likawa zambarau. Likawa buluu. Halafu, mbele ya macho yao, katikati pakawa kijani cha majani mabichi.

"Mwamvua!" Sikitu akapiga makofi. "Linabadilika! Lifanye tena!"

"Nyamaza wewe!" Akakumbuka kuwa Shangazi huondoa madoa kwa limau. Akaleta limau, akakamulia pembeni mwa doa, na pembeni pale pakarudi pakawa waridi, wakati katikati pamebaki kijani. Hapo hata yeye, pamoja na machozi yake, aliinama kutazama vizuri. Hakujua kuwa choya inaweza kufanya hivyo. Hofu haikuwa imemtoka, na bado kitu fulani ndani yake kilikuwa kinaruka ruka kama kule barazani.

"Kobe huyo," Sikitu akasema. "Maskini, hawezi kutembea."

Mwamvua akatazama. Lo, alikuwa kobe kweli. Mgongo wa kijani, ukingo wa waridi, umeviringana hivyo. Kidole chake kilikuwa bado na masizi ya barazani. Sijui niwaelezeje, na nadhani hata yeye hakuweza kujieleza maisha yake yote. Mkono ulikwenda wenyewe. Akachora mguu. Akachora na mwingine, na wa tatu, na wa nne, kisha kichwa na kijimkia. Alikuwa anaweka jicho Shangazi Nyamizi alipotokea mlangoni.

Mvua ilisikika juu ya bati. Shangazi alitazama kitanda, akatazama limau, akatazama kidole cheusi cha Mwamvua.

"Rangi nilisema isivuke nini?"

"Kizingiti, Shangazi."

"Nani amefanya hili?"

Sikitu akafungua mdomo, Mwamvua akamwahi. "Ni mimi peke yangu, Shangazi. Nilikimbia nimwonyeshe Dada, nikateleza. Nikasugua na sabuni likakataa kuondoka. Nikatia limau likakataa."

"Haya, umemwaga, ajali. Umesugua, ujinga. Na hii miguu?" Sauti ya Shangazi ilipanda. "Miguu, Mwamvua! Nani anamwaga kitu kwenye nguo ya harusi halafu anakitia miguu?"

Mwamvua alimtazama kobe. Lililomtoka ndilo lililokuwemo. "Ni ili liondoke, Shangazi. Halikuwa na miguu. Lingeondokaje?"

Mkono wa Shangazi ulikuwa umeshainuka. Ukabaki hewani. Kwanza mabega yakaanza kumtikisika, kisha tumbo, kisha akakaa chini kwenye sakafu yenye maji akacheka mpaka kilemba kikamtoka, machozi yanamtiririka, na kila akitaka kusema anamtazama kobe, anaanza upya. Mwamvua naye alicheka huku analia.

"Mungu wangu," Shangazi akasema mwishowe, anajifuta uso. "Lete sindano. Lete ule uzi mweusi, na wa kijani. Na wewe Sikitu, lete bamia zote. Kobe hawezi kukaa peke yake kwenye uwanja mtupu, atasema hatuna adabu."

Nyie, mngeiona kazi ya mchana ule! Shangazi alidarizi miguu juu ya masizi, akadarizi kichwa, akagawanya mgongo kwa vyumba vyumba vya uzi. Watoto walizunguka pindo lote wakichapa maua ya bamia, safari hii kwa adabu, ulimi nje, hakuna anayesukuma. Walitaka majani, Mwamvua akachapa choya na kuitonea maji ya sabuni, ikawa kijani. Alikuwa ameshaijua siri yake. Tausi aliporudi na nywele zake mpya alisimama mlangoni ameshika kifua. Akamtazama kobe. Akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa anangoja. Akapiga magoti akachukua bamia moja, akachapa ua lake karibu na mdomo wa kobe.

"Asije akafa njaa safarini," akasema.

Wakwe walifika mvua ilipokatika, wamefunga kanga za sare, mbele yao Bi Kashindye, shangazi wa bwana harusi. Huyo ndiye aliyekuwa mtunzi wao, na ndiye aliyempa Mama Mabonge jina. Akakikunjua kitambaa. Minong'ono ikapita. Akakigeuza nyuma, akasugua mafundo kwa kidole gumba, hakupata kitu. Akakigeuza mbele tena.

"Nimekaa mjini hapa mpaka meno yameniaga," akasema. "Nimeona waridi, nimeona njiwa, nimeona chai na kikombe chake. Kobe sijamwona. Huyu ni nani?"

Shangazi Nyamizi angeweza kujibu. Maneno hayakuwa yanamshinda. Lakini alimtazama Mwamvua, na Mwamvua akajua kuwa zamu ni yake. Akasogea mbele ya wageni. Alimwona Tausi chini ya ushungi, mikono imebana mapajani.

"Ni doa langu, Bibi," akasema. "Dada hana kosa, wala Shangazi. Nilimwaga choya. Nililifukuza kwa sabuni likabaki, kwa limau likabaki. Ndipo nikalipa miguu."

Bi Kashindye aliinamisha uso wake mpaka karibu na kobe, akakaa hapo muda mrefu. Alipoinuka, alikuwa ameshaupata wimbo. Akapiga kofi moja, la pili, akatoa sauti:

*Doa lipe miguu ee,*
*litaondoka lenyewe!*
*Mliloficha linanuka,*
*la wenzetu linatembea!*

Wanawake wakaudaka, vigelegele vikapasua bati. Wakambeba kobe juu juu, wakamzungusha chumbani, wakatoka naye barabarani kwenye matope wakiimba, na Mwamvua alikuwa katikati yao ameshikwa mkono na Bi Kashindye mwenyewe, anaimba kuliko wote. Watoto wa mtaani waliuimba wimbo huo miezi na miezi, lakini kila alipopita Tausi waliuimba kwa kumtaka awape nafasi ya kuja kumwona kobe wake.

Wimbo ukasahaulika, kama nyimbo zinavyosahaulika. Mstari ule wa kwanza ukabaki, watu wakautumia kwa mambo yao. Mtu aliyeharibu kazi akitaka kuifukia huambiwa hivyo, ili aitoe nje aone inaweza kuwa nini.

Na sasa ngojeni, msiondoke, bado kidogo. Idd iliyopita mlikula pilau kwa Bibi Tausi. Mezani palikuwa na kitambaa gani? Hamkumbuki, macho yenu yalikuwa kwenye nyama. Ndicho hicho. Kimefuliwa mwaka hadi mwaka, na choya si rangi ya kudumu. Waridi lilikwenda kwanza, kijani kikafuata, na maua ya bamia nayo yakapauka mengi yao. Siku hizi ukikitandaza unakuta kichwa cha uzi, kijimkia, miguu minne myeusi na vyumba vya mgongo, na katikati yake kitambaa cheupe pe kama siku kilipotoka dukani. Bibi Mwamvua akija kumtembelea dada yake huweka kidole pale peupe, wakatazamana, wakaanza kucheka kabla hata chai haijamiminwa.

Zuhura, lete hiyo karatasi yako yenye chai. Igeuze huku. Mimi naona masikio mawili, sijui wewe unaona nini. Kalamu hiyo hapo.

Doa lipe miguu, mwanangu, litaondoka lenyewe.