Bi Nguchiro Ampima Fisi

Paukwa!
"Pakawa!"
Mko wazima?
"Tu wazima!"
Na masikio je?
"Yako wazi!"

Haya, sogeeni. Bi Nguchiro alilelewa kwa tabibu mmoja wa Kihindi, kazi yake kuua nyoka uani. Huko alimwona tabibu akipima wagonjwa: kwanza tazama, halafu gusa, halafu uliza.

Siku moja Fisi akawaiba watoto watatu wa Bi Nguchiro, akawafunika kwa kapu, jiwe juu. Mama wa watu akakimbia, tipu tipu tipu, mpaka mlangoni kwa Fisi.

"Umewafuata wanao?" Fisi akacheka. "Umechelewa. Nanoa meno."

"Nimekuja kuwaaga tu, Bwana Fisi. Lakini... mh! Hebu toa ulimi."

Fisi akatoa ulimi. Lwaa!

"Mh! Lete mkono."

Fisi akaleta mkono. Bi Nguchiro akaweka vidole vitatu juu ya mshipa. Du-du-du-du! Masikini, mapigo aliyoyasikia yalikuwa yake mwenyewe, kwa hofu.

"Mh! Hapa mshipa unajinyonganyonga kama nyoka. Hapa unaruka kama chura. Na hapa unatembea kama bata."

Ndivyo wasemavyo matabibu wale wa Kihindi: nyoka ni upepo mwilini, chura ni nyongo, bata ni kohozi. Fisi atayajulia wapi hayo? Macho yakamtoka pima.

"Mama wee! Umejuaje? Jana nilimla nyoka! Nikamla chura! Nikamla na bata wa watu!"

Bi Nguchiro naye alishangaa, ila hakuonyesha.

"Uliwatafuna?"

"Niliwameza tu. Nilikuwa na haraka."

"Basi wamo, wazima. Sasa nikuulize. Nguchiro akikutana na nyoka, hufanya nini?"

"Hupigana."

"Na wakikutana humo tumboni?"

Tumbo la Fisi likanguruma. Ngruuu!

"Nyoka ameshasikia harufu yao!" akalia Fisi. "Nguchiro watatu! Nitapasuka mie! Wachukue wanao, tabibu, wachukue!"

Akalipiga teke jiwe, kapu huko. Watoto wakamrukia mama yao, naye akawakumbatia huku analia kwa furaha.

"Na dawa je?" akauliza Fisi.

"Usile kitu siku saba," akajibu, yuko mbali tayari.

Ngano yangu imekata pumzi hapo. Mwenye nyingine aitoe.

Fundisho lake, wanangu, ni hili: mtu asijitie utabibu bila kusomea, ni hatari kubwa. Asiyekubali akawaulize wale watoto watatu. Wapo.