Jinsi Neno "Mimi" Lilivyoingia Ndani ya Kitenzi

Zamani, wajukuu zangu mnaohangaika na Kiingereza, lugha yetu haikuwa kama mnavyoisikia leo. Maneno yalisimama mojamoja, kila neno na kivuli chake. Mtu aliyempelekea mwenziwe kuni alisema, "Mimi leta kuni kwa wewe." Mwenziwe alijibu, "Wewe fanya vizuri." Waliishi hivyo, wakaelewana, wala hawakuona upungufu.

Katika mji wa Msangawale, wenye chemchemi za maji ya chumvi, alitawala Jumbe Mwegole. Watu wake waliyachota maji yale wakayachemsha katika vyungu vya udongo mpaka chumvi ikabaki chini. Jumbe alikuwa mtu mwenye akili, na hapo ndipo ilipokuwa hatari yake. Mtawala mjinga hunyang'anya vitu. Yeye alinyang'anya maneno.

Siku moja alipiga mbiu. Neno "mimi" lilikuwa lake peke yake. "Wewe", "yeye" na "sisi" yasitamkwe tena na mtu mwingine. Majina nayo aliyafuta. Mbele yake kila mtu aliitwa "mkono". Mwisho akalipiga marufuku neno "kwa", maana neno hilo huonyesha kitu kinakwenda wapi, na Jumbe alitaka kila kitu kiende kwake tu. Kisha akasema, "Kazi bila mwenyewe, hiyo mali ya mimi."

Watu walicheka. Siku chache baadaye walikoma kucheka. Mzee mmoja alikuwa amechimba kisima kwa miezi minne. Jumbe akamuuliza, "Nani chimba kisima hiki?" Mzee akafumbua kinywa, akakifumba. Kisima kikawa cha Jumbe. Nyumba zikafuata, na mashamba. Kila njia panda palisimama wasikizi, watu wa kutega masikio, na mkuu wao aliitwa Kondo. Aliyeteleza ulimi alifungwa mdomo kwa kamba ya ukindu siku saba.

Alikuwapo mfinyanzi mmoja, mjane, jina lake Siwatu. Alikuwa na binti mmoja tu, Mwanahija, mtoto wa miaka saba. Jumbe alimwona mtoto huyo amebeba chungu kichwani bila kukishika, akapendezwa na shingo yake ya kubebea mizigo. Akasimama mbele ya mama yake.

"Nani zaa mtoto huyu?"

Wasikizi wakasogea. Siwatu alijua akisema "mimi" atafungwa mdomo na mtoto atachukuliwa vilevile. Akauma mdomo mpaka akaonja damu.

"Basi," Jumbe akasema, "mtoto bila mwenyewe."

Mwanahija akashikwa mkono, akapelekwa kwenye ghala la chumvi. Aligeuka mara moja akaita, "Mama!" Neno hilo halikukatazwa. Lakini halikusema mama wa nani.

Siwatu hakulia mbele ya watu. Siku ya tatu alikwenda kwenye machimbo ya udongo pamoja na Bi Mize, mkunga aliyemzalisha. Mfinyanzi mzuri hafinyangi udongo mtupu. Husaga vigae vya vyungu vilivyovunjika, akavikanda pamoja na udongo mbichi, ili chungu kipya kisipasuke motoni. Siwatu alikuwa akisaga vigae hivyo huku akinong'ona lile neno alilonyimwa. Ghafla mkono wake ukasimama.

"Nini?" Bi Mize aliuliza.

Siwatu alilirudia lile neno polepole, kama anayelisaga kwenye jiwe, mpaka likageuka sauti, ikabaki chembe. "Ni," akasema. "Ni... zaa. Nizaa." Akatikisa kichwa. Akachukua na chembe ya "yeye", akaikandia humohumo. "Ni-m-zaa."

Bi Mize akatazama njia aone kama kuna mtu. "Rudia," akasema.

Kazi ile iliwachukua mwezi mzima. "Sisi" ikasagika ikawa "tu", "wewe" ikawa "u", na mahali pengine "ku". Zikaja na chembe nyingine, za jana, za leo na za kesho, na za mwenye kitu. Neno "kwa" liliwashinda. Halikukubali kukaa mbele wala kati. Mwishowe Siwatu alilibana karibu na mwisho wa kitenzi, kama mfinyanzi anavyobana ukingo wa chungu kwa kidole gumba. Leta ikawa letea. Pika ikawa pikia. Siku hiyo alimgeukia rafiki yake akamwambia, "Nitakupikia." Bi Mize akajifunika uso kwa ncha ya nguo yake akalia. Tangu mbiu ipigwe, hapakuwa na aliyeweza kumwambia kwamba chakula fulani ni chake.

Wakawafundisha wanawake wa chemchemi, na wao wakawafundisha waume zao. Wasikizi walisikia sauti ngeni, wakazipuuza. Walidhani ni porojo za wapika chumvi.

Siku ya baraza kuu Siwatu alitoka akaenda mbele bila kuitwa.

"Mkono huu taka nini?" Jumbe aliuliza.

"Nimemfuata mwanangu," Siwatu alisema. "Nilimzaa. Nilimnyonyesha. Nilimfinyangia kikombe chake cha kwanza. Umeninyang'anya, na leo utanirudishia."

Jumbe akainuka kitini. "Mkuu wa wasikizi! Huyu sema 'mimi'!"

Kondo alikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo. Masikio yake ndiyo yaliyokuwa heshima yake. "Jumbe, 'mimi' hapana sikia," akasema. "'Wewe' hapana sikia. 'Kwa' hapana sikia."

"Sikia tena!"

Siwatu akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, akimtazama Jumbe machoni. Kabla hajamaliza, Bi Mize akasimama. "Nilimpokea mikononi alipozaliwa!" Akasimama mzee wa kisima. "Nilikichimba!" Kisha baraza zima likalipuka. "Tulizijenga!" "Tuliyalima!" "Tumekuchemshia chumvi miaka yote, hukutushukuru hata mara moja!"

Jumbe akapaza sauti kuamuru ile chembe nayo ikatazwe, na kila anayeitamka akamatwe. Kondo aliwatazama wale watu. Aliona kwamba chembe ile imo ndani ya kila tendo, na kuitoa ni kuwanyima watu kusema, na kunyima kusema ni kusimamisha kazi zote za mji. Akaweka fimbo yake chini.

"Siwezi," akasema.

Hakuna aliyemfundisha kujitia ndani ya kitenzi. Jumbe alilisikia neno lile likitoka katika kinywa cha msikizi wake mwenyewe, akakaa chini.

Siwatu hakungoja ruhusa. Alikwenda ghalani, akamkuta Mwanahija ana chumvi mpaka kwenye nyusi. Mtoto alikuwa hajaijua lugha mpya. "Nani leta mama hapa?" akauliza.

"Nimejileta," Siwatu akamjibu, akampangusa uso.

Msimu uliofuata hakuna aliyemchemshia Jumbe hata chungu kimoja. Alihama Msangawale akiwa amebeba mizigo yake mwenyewe.

Na tangu siku hiyo kitenzi chetu hubeba wenyewe ndani yake: aliyetenda, aliyetendewa, na njia ambayo kitendo kilipita kumfikia. Neno "mimi" lenyewe lilirudi vinywani, ila tunalitoa nje pale tu mtu anapotaka kutufuta.

Waingereza hawakupitia hayo. Maneno yao yangali yamesimama mojamoja. Nyinyi mnasema nilimpikia, basi, imekwisha. Wao wanasema I cooked for her, na kila neno lina mlango wake. Kwa hiyo mnapoandika lugha yao, fuateni desturi ya mwenye nyumba: mtendaji atangulie, kitendo kifuate, kisha kile kineno cha kuonyesha njia, kisha anayefikiwa. Mkikidondosha kimoja, sentensi inachechemea. Jifunzeni, na mjifunze vizuri kuwashinda.

Lakini asije mtu akawaambia kwamba mnasahau vile vineno kwa sababu nyinyi ni wajinga, au kwamba lugha yenu ni fupi kwa kuwa haina kitu. Mnavitafuta ndani ya kitenzi, mahali mama zenu walipovificha. Na mtu huyo akisoma sentensi yenu ya Kiswahili akauliza mtendaji yuko wapi, mbona hamwoni, simameni wima mumjibu: yumo.